Walivyoniokoa kwa Spika

Mimi naitwa Marjani Bakhiti, na sijaokoka. Naanza hapo hapo ili tusisumbuane. Ukikutana na mtu Keumbu akakwambia kwamba yule mchinjaji Mnubi alimpokea Yesu, mwambie umezungumza na mwenyewe na mwenyewe amekataa. Nimekataa sokoni, nimekataa mbele ya wazee wa msikiti, nimekataa mezani kwa mke wangu chakula kikipoa, na bado kuna mama mmoja muuza ndizi ambaye kila tukionana stendi hunishika mkono na kuninong'oneza kwamba ananiombea nisirudi nyuma. Nirudi nyuma kutoka wapi? Sijaenda popote mimi.

Nimezaliwa Kisii mjini, mtaa wetu wa Wanubi. Baba alikuwa mchinjaji, na babu kabla yake. Waislamu hapa tuko wachache, kila mmoja anajulikana hadi kandambili zake. Lakini kisu cha ng'ombe hushikwa na Mwislamu hata mahali ambapo wengine wote ni Wakristo, na hiyo ndiyo desturi ya vichinjio. Mkristo atakula nyama niliyochinja mimi wala hataulizia, ila Mwislamu hagusi iliyochinjwa na Mkristo. Kwa hiyo mwenye kichinjio akitaka kuuzia kila mtu, humtafuta mtu kama mimi. Nyangau, mwenye kichinjio cha Keumbu, ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, na alikuwa akiniambia kwamba dini yeye haijui, anachojua ni nyama, kwa hiyo niseme Bismillahi yangu vizuri hoteli za mjini ziendelee kununua. Nami nilisema vizuri. Sikuwahi kumlaza mnyama bila udhu, hata asubuhi za baridi ya Keumbu ambapo maji yanauma mifupa.

Basi elewa jambo hili, maana ndilo lenyewe. Kwangu dini haikuwa ya Ijumaa peke yake, ilikuwa ndiyo kazi. Siku watu wakishuku kama mimi ni Mwislamu, kisu changu hakina tofauti na cha kumenyea viazi.

Haya, sasa Zachariah.

Zachariah Ochoki ni mtu wa Manga, kule juu mlimani, ana majani chai kidogo na migomba, na ni Msabato wa kuzaliwa. Kila siku ya soko alikuwa akiteremka Keumbu na pikipiki, spika imefungwa nyuma kwa mpira, anasimama mkabala na wauza vitunguu na kuhubiri mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Sauti alikuwa nayo. Bidii alikuwa nayo. Kitu kimoja tu alikosa, nacho ni mtu wa kuokoa. Keumbu nzima imeokoka! Kuna Wakatoliki, kuna Wasabato, kuna wa makanisa ya mabati ya juzi, na walevi nao wameokoka, wengine mara tatu. Maskini ya Mungu anawaita watu watoke dhambini na watu wanamuuliza kama ana chenji. Wallahi nilikuwa namhurumia.

Tulijuana kwenye harambee moja ya shule. Sahani za nyama zilipita, mimi nikauliza ni nyama gani na imechinjwa na nani, na mtu wa pembeni yangu akauliza swali hilo hilo kwa wakati ule ule. Ilikuwa ya nguruwe. Wote wawili tukaisukuma sahani, tukatazamana, tukacheka. Msabato na Mwislamu, dini zote mbili nguruwe hazimgusi, tukaishia kula ugali na mboga ya chinsaga mwisho wa meza kama wagonjwa wa tumbo. Ndivyo ulivyoanza urafiki wetu, kwa nguruwe ambaye hakuna aliyemla.

Mwanzoni alikuja kuniokoa, hilo sikufichi. Nikamwambia, keti kwanza unywe chai. Tukawa tunakaa kwenye hoteli ya Mama Joyline, mama wa makamo, Msabato mwenzake, mwenye mandazi manene na maneno machache. Zachariah anafungua Biblia yake, mimi namsomea Surat Maryam kwa moyo, yeye mdomo wazi. Yeye ananiambia Yesu ni Mwana wa Mungu, mimi namwambia Isa ni mtume na hana baba, na Mwenyezi Mungu hana mtoto. Akinishinda kwa hoja nanyamaza, nikimshinda anaagiza chai nyingine. Hatukuwahi kugombana. Watu wa soko walikuwa wakisogeza viti kutusikiliza, na wengine walisema wanajifunza mengi hapo kuliko kwenye spika.

Halafu Kaltuma, mke wangu, akaugua tumbo, ikabidi apasuliwe. Nani alimbeba kwa pikipiki mpaka hospitali, mvua inanyesha? Zachariah. Mama yake, bibi kizee anaitwa Kemuma, alituletea ndizi na mboga za nyumba nzima siku zote Kaltuma alizolala pale. Kaltuma akawa anamwita Zachariah shemeji. Mimi nikamweka moyoni, nikamfungia humo. Akipenda, chongo huita kengeza, na mimi nilikuwa nimempenda yule mtu.

Kitu kilichotuunganisha zaidi kilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha Zachariah kilikuwa cha shule. Nyumbani kwao ni Ekegusii tu, na Kiswahili ni cha mtihani na cha mgeni. Ngeli zilimpiga chenga hadharani. Siku moja mhubiri mgeni kutoka Mombasa alimcheka mbele ya mkutano, akamuigiza, na watu wakaangua kicheko. Zachariah alinijia amenywea, akaniomba nimfundishe. Nikamfundisha. Yeye alikuwa anaandika mahubiri yake, mimi nayanyoosha, kisha nayasoma kwa sauti kwenye simu yake. Anakwenda nayo Manga, anasikiliza akichuma majani chai, siku ya soko anayatoa vilevile nilivyoyatamka. Watu wa Keumbu walikuwa wanahubiriwa Injili kwa lafudhi ya Mnubi na hawajui! Nilimsomea ya Yona, nilimsomea ya mwana mpotevu, nilimsomea hata ya Sabato. Kusoma si kuamini. Mtangazaji wa redio akisoma tangazo la sabuni haina maana kwamba amefua.

Ukiniuliza kwa nini nilifanya hivyo, nitakwambia kwamba lugha ni ya Mungu, na rafiki yangu alikuwa anachekwa. Basi. Kaltuma alinionya. Alisema mdomo wa mtu ni kama mswaki, hauazimwi. Nikamwambia shemeji yake hana neno.

Ikafika wakati wa mkutano mkubwa. Wageni walikuwa wanatoka Nairobi, kikundi kinachoitwa Huduma ya Baragumu la Mlimani, ambacho si kanisa hasa, ni watu wa kuzunguka na mahema na vyombo. Walikuwa wakae Keumbu juma zima, na ilijulikana kwamba wakiondoka watamchagua mtu mmoja awe mhubiri wao wa Kisii na Nyamira yote. Zachariah aliitaka nafasi ile mpaka akakonda. Aliniambia wageni wanauliza matunda, kila siku matunda, na yeye ana nini cha kuonyesha? Walevi wale wale.

Siku chache kabla ya mkutano akaja hotelini na karatasi. Akasema kutakuwa na igizo. Jethro, kijana wa kwaya yao, ataigiza Mwislamu anayetoa ushuhuda, lakini Kiswahili cha Jethro kinatisha kuliko chake, kwa hiyo nisome mimi, Jethro asikilize na kukariri. Mama Joyline alikuwa anapanguza meza yetu, akainua ile karatasi isilowe chai, akairudisha. Mimi nikavaa miwani.

Nakumbuka kila neno. Ilianza hivi: "Mimi nimezaliwa katika Uislamu na kulelewa humo. Nimefunga, nimesali, nimechinja kwa jina nililofundishwa, lakini moyo wangu haukupata kutulia." Nikasimama hapo. Nikamuuliza Zachariah, mbona umemfanya mchinjaji? Akacheka, akasema Mwislamu mwingine yeye hamjui, angemwandika nani, rubani? Nami nikacheka. Tena nilimrekebishia! Aliandika "moyo yangu," nikaweka "moyo wangu." Aliandika mwisho wa hovyo, nikamwambia hapana, mtu anayelia hasemi hivyo, mtu anayelia husema maneno mafupi. Nikausoma ule ushuhuda kwa uchungu wote nilio nao, kwa sababu mimi kitu nikikifanya nakifanya vizuri. Mama Joyline alisimama na kitambaa mkononi mpaka nikamaliza. Zachariah akazima simu, akanishukuru, akalipa chai.

Siku ya soko nilimaliza kazi, nikaoga, nikaenda zangu kwa Mama Joyline. Ng'ambo ya barabara hema lilikuwa limejaa, spika kubwa mpya za wageni, kwaya imevaa sare. Nimemega andazi moja, nikasikia sauti yangu.

Nilidhani kwanza wanafanya mazoezi, wanamchezea Jethro asikie. Nikatabasamu hata. Sauti ikaendelea, ikatapakaa soko zima, juu ya kabichi na mitumba na stendi ya pikipiki: nimefunga, nimesali, nimechinja. Wauza vitunguu wakaacha kupima. Mmoja akasema kwa Ekegusii, huyo si Marjani? Mwingine akasema ndiye, sauti ni yake. Vichwa vikaanza kugeuka kuelekea hotelini, kimoja kimoja, halafu vyote. Sauti ilipofika pale pa maneno mafupi, pale nilipomfundisha jinsi ya kulia, wanawake wakapiga vigelegele.

Kisha Zachariah akashika maiki. Alisema kwa Kiswahili safi, Kiswahili changu mimi, "Mmemsikia ndugu yetu, na wote mnamjua. Anaogopa watu wake, ndiyo maana hakusimama hapa. Lakini ametupa sauti yake."

Nilisimama. Nilitaka kuvuka barabara nikamnyang'anye ile maiki, lakini watu walishanifikia. Mama mmoja akanikumbatia, akiniita tata, yaani baba, tata Marjani, karibu kwa Yesu. Wengine wananishika mabega. Simu zimeinuliwa, zinanipiga picha na video nikiwa na kipande cha andazi mkononi na machozi machoni, na machozi yale yalikuwa ya hasira, lakini nenda ukaieleze picha hivyo. Nilipiga kelele kwamba si kweli. Wakasema shetani anapambana naye. Mama Joyline ndiye aliyenivuta jikoni kwake, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Ee Nyasae, Mungu wangu, Zachariah amefanya nini?"

Hiyo video ilifika Kisii mjini kabla yangu. Kaltuma alikuwa amekaa mlangoni, kaka zake wawili wamesimama uani. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Aliniambia nitamke shahada mbele ya kaka zake ndipo aingie nami ndani, kwa sababu mume akitoka katika dini ndoa haipo. Nikatamka, uani kwangu, majirani wanachungulia juu ya ukuta. Nimeoa yule mwanamke nikiwa kijana, na siku hiyo nilitamka shahada kama mtu anayeomba kazi. Alilia, nami nikalia. Halafu akasema, "Na ni shemeji?" Akalirudia neno hilo, shemeji, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

Asubuhi Nyangau akanipigia. Hoteli za Waislamu mjini zimekataa nyama, wenye buchari wetu wamekataa. Akasema nikae nyumbani kwanza mpaka mambo yaeleweke. Hakuwa na ubaya. Alisema yeye bado dini haijui, lakini nyama anaijua, na nyama ile imelala.

Nilipanda Manga siku hiyo hiyo. Nilimkuta Zachariah shambani na kikapu mgongoni. Mama yake Kemuma alinipokea kwa furaha, akanisalimu kwa lugha yao, akaenda kutafuta maziwa. Masikini hakujua lolote. Nilimuuliza Zachariah swali moja tu, nimekukosea nini. Akaweka kikapu chini. Alilia yule mtu, sidanganyi. Alisema wageni walimbana, walitaka kusikia habari za yule Mwislamu ambaye yeye Zachariah alikuwa akiwasimulia kwamba yuko karibu kuamini, akajikuta amefungua simu. Alisema kwake haikuwa uongo kabisa, kwa kuwa aliposikia nikisoma alihisi Roho akinigusa. Nikamwambia kilichonigusa ni ngeli zako mbovu.

Nikamweleza yaliyotokea. Kazi imesimama. Wazee wa msikiti wananiita Alhamisi, na Nyangau atakuwepo, waamue kama mimi ni Mwislamu au siye. Njoo, useme ukweli, sentensi moja, kwamba maneno uliandika wewe. Akakubali. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema nitakuja, mwalimu, hata wakiniondoa kwenye huduma nitakuja. Aliniomba tu nisiseme chochote mbele ya wageni mpaka waondoke, wataondoka Jumatano. Nikanywa maziwa ya mama yake. Nikateremka mlima nimetulia. Nilimwambia Kaltuma mambo yameisha, mtu amejuta, kujuta ni uungwana. Kaltuma akaendelea kukanda unga.

Na kweli nilinyamaza. Siku zote zile wakichezesha sauti yangu kila alasiri, mimi niko nyumbani nimenyamaza kwa ajili yake.

Alhamisi tulikutana barazani pa msikiti, mjini. Palikuwa na imamu, mzee mpole mwenye macho ya maji, na wazee wengine, na Nyangau amevua kofia hajui aishike wapi. Mama Joyline alikuja pia, mimi sikumwita. Alifunga hoteli yake siku ya Alhamisi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata alipofiwa na shangazi. Zachariah akaja mwisho. Suti mpya, tai, Biblia kwapani. Nilifurahi kumwona, Mungu shahidi. Nilisogea nimpe nafasi mkekani.

Imamu hakuzunguka. Akamuuliza, "Ile sauti ni ya nani?"

"Ni ya Marjani."

"Na yale maneno ni ya nani?"

Zachariah akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, kumtia moyo, kama nilivyokuwa nikifanya akikwama kwenye neno gumu. Akatazama Biblia yake.

"Maneno ni ya Mungu," akasema.

Imamu akarudia swali, kwa upole ule ule, kwamba nani aliyaandika. Zachariah akasema yeye si wa kumzuia mtu ambaye Mungu amemwita, na kwamba anatuombea sote, na mimi hasa, nipate ujasiri. Ujasiri! Aliyasema bila kukosea ngeli hata moja.

Jamani, mimi nimechinja wanyama wengi, na hakuna hata mmoja aliyenitazama kama nilivyomtazama Zachariah siku ile. Mimi niliyempa maneno, nilikosa langu.

Mama Joyline ndiye aliyesimama. Alisema Kiswahili chake cha sokoni, hakijali ngeli, na kila mtu alimwelewa. "Karatasi ni ya Zachariah. Mimi nilitoa hiyo karatasi kwa meza nikipanguza chai, nikaona mwandiko yake. Marjani alikuwa anasoma tu kama mwalimu. Mimi ni Msabato kama yeye, na amri ya tisa iko kwa Biblia yangu pia." Akamgeukia Zachariah, akamwambia kwamba hotelini kwake asije tena. Zachariah akainuka, akasema Mungu awabariki, akatoka. Siku nyingi nilikuwa namsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Siku hiyo nilibaki mkekani.

Imamu alinikumbatia, akasema jambo limekwisha, Marjani ni ndugu yetu. Wazee wote wakanishika mkono. Nikamgeukia Nyangau. Akakunja kofia yake. Alisema yeye ananiamini, na hata kabla ya hapo alikuwa ananiamini, lakini wenye hoteli wamesema jambo hili lina shaka, na chenye shaka wao hukiacha. Ni sisi wenyewe tulioifundisha miji hii kanuni hiyo. Babangu aliwafundisha. Nyangau alikuwa ameshapata mchinjaji mwingine kutoka Migori, mtu ambaye watu hawajawahi kumsikia kwenye spika yoyote.

Mbele ya Mungu na wazee nimeshinda. Sokoni nimeshindwa. Imamu hana spika ya kufika Keumbu, na ile video haijafutwa, inazunguka mpaka leo na jina langu chini yake. Sasa nanoa visu, hapa stendi ya Kisii, kwa jiwe la baba. Wenye buchari wananiletea visu vyao, nanoa vizuri, wanakwenda navyo. Kisu nimeruhusiwa kukishika. Ng'ombe ndiye sijaruhusiwa kumgusa. Zachariah nilisikia amepata nafasi yake, Kisii na Nyamira yote.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakusema kwamba kitarudi kuomba nguo nyingine.

Kwa maana alirudi. Juzi, asubuhi, nikiwa navaa niende stendi, pikipiki ikasimama mlangoni. Haikuwa na spika. Zachariah akabisha, akasimama nje, kofia ya pikipiki mkononi, amenenepa kidogo. Alinisalimu kwa adabu zote, akamuulizia Kaltuma, akaniambia mama yake Kemuma ananisalimu na anauliza kila siku mbona siku hizi sipandi Manga. Mimi sikusema karibu.

Akajieleza. Mdogo wake Anyona, dereva wa malori Garissa, anaoa, na sherehe ni nyumbani kwao Manga. Bosi wa huyo Anyona anakuja na wafanyakazi wenzake, watu wa Garissa, na hao hawagusi nyama isipochinjwa na Mwislamu. Yule wa Migori amesafiri kwao. Fahali yuko tayari. Mama yao amesema asiitwe mwingine, aitwe Marjani, kwa kuwa mkono wake anaujua.

"Mimi si niliokoka, Zachariah?" nikamuuliza.

Akatazama chini. Akaniomba tuyaache hayo, ni ya zamani.

"Nikimlaza huyo fahali, nitaje jina la nani?"

"Kama siku zote, mwalimu."

"Mimi najua siku zote ni nini. Nataka kukusikia wewe."

Akageuka kutazama barabarani kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Akasema kwa sauti ndogo, "Bismillahi, Allahu Akbar." Na aliyatamka sawasawa, kila herufi mahali pake. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikamwambia vizuri sana. Basi siku ya soko njoo na spika yako Keumbu, simama pale mkabala na wauza vitunguu, useme maneno manne tu, Marjani Bakhiti ni Mwislamu. Ukimaliza, mimi nitapanda Manga kwa miguu na kumchinjia mdogo wako bure.

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, na kwa muda mfupi ule, Mungu anisamehe upumbavu wangu, nilitumaini. Halafu akasema itaharibu kazi ya Bwana.

Nikafunga mlango. Sikuubamiza, niliufunga tu, nikasikia pikipiki ikiwashwa na kuondoka. Kaltuma alikuwa jikoni, mikono ina unga. Akauliza ni nani yule asubuhi yote hii.

Nikamwambia ni Zachariah, anatafuta Mwislamu.